Maisha ya Bwana Speke: Mto Uliopimwa na Hadithi Isiyopimwa

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma maisha ya watu mashuhuri wa zamani, ili tujue walivyoishi na tupate fundisho. Mwaka huu nimemchagua John Hanning Speke, Mwingereza aliyewaambia watu wa Ulaya kwamba Mto Naili hutoka katika ziwa letu. Jina lake tunalijua tangu shule ya msingi. Lakini iko sehemu moja ya kazi yake ambayo mimi sikufundishwa nikiwa mdogo, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Iko na sababu nyingine, ya kwangu mwenyewe, ambayo nitaieleza mwishoni.

Ujana wake

Speke alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 katika jimbo la Devon, kusini-magharibi ya Uingereza. Jamaa zake walikuwa watu wenye mashamba na heshima. Shuleni hakusifiwa, maana alipenda kushinda msituni akiwinda kuliko kukaa na vitabu. Mwaka 1844, alipokuwa na umri wa miaka 17, alikwenda Bara Hindi akawa afisa katika jeshi. Alipigana katika vita vya Punjab, na kila alipopata likizo alipanda milima ya Himalaya, akawinda wanyama, akachora ramani za njia alizopita. Huko ndiko alikozoea kutumia vyombo vya kupimia, akaweza kujua urefu wa mlima na mahali alipo juu ya nchi.

Mwaka 1854 alifika Aden, akajiunga na afisa mwenzake, Richard Burton, aliyekuwa akitaka kuvumbua nchi ya Wasomali. Mwezi wa Aprili 1855 kambi yao katika Berbera ilishambuliwa usiku. Mwenzao mmoja aliuawa, na Burton alichomwa mkuki uliopenya mashavu yake. Speke alikamatwa, akafungwa mikono, akachomwa mikuki mara kadhaa, hata hivyo akatoroka na kukimbia mpaka pwani. Kwa kweli mtu huyu hakuwa mwoga, wala si mtu wa kukata tamaa.

Safari ya kwanza

Desemba 1856 Burton na Speke walifika Unguja, na Juni 1857 wakaondoka pwani kwenda bara pamoja na wapagazi na askari. Katika msafara ule alikuwamo Sidi Mubarak Bombay. Bombay alikuwa Myao, aliyekamatwa utotoni, akauzwa utumwani, akapelekwa Bara Hindi. Bwana wake alipokufa alipata uhuru wake, akarudi Afrika. Huko alikokuwa alijifunza Kihindustani, nayo ndiyo lugha aliyozungumza na Speke.

Hapa naomba msomaji ashike jambo moja, maana tutalirudia. Speke hakujua Kiarabu, wala lugha za bara. Akitaka kujua neno kwa wenyeji, alimwambia Bombay kwa Kihindustani, Bombay akalisema kwa Kiswahili, na mara nyingi mtu wa tatu akaligeuza kuwa lugha ya wenyeji. Jawabu nalo lilirudi kwa njia ile ile. Sisi tunaojua lugha tatu au nne twafahamu jinsi neno linavyoweza kuchakaa likipita vinywa vitatu.

Novemba 1857 walifika Kaze, yaani Tabora ya leo, na Februari 1858 wakafika Ziwa Tanganyika katika Ujiji. Burton alikuwa mgonjwa hata hawezi kutembea, na Speke macho yalikuwa yamemwuma hata karibu awe kipofu, asilione vizuri ziwa alilolifuata kwa miezi mingi. Baadaye mdudu alimwingia sikioni usiku. Akajaribu kumtoa kwa kisu, akajiumiza, na sikio lile halikusikia tena vyema.

Waliporudi Kaze, Burton alibaki kupumzika. Speke akaenda kaskazini pamoja na Bombay na watu wachache. Tarehe 3 Agosti 1858, karibu na mahali palipo mji wa Mwanza leo, aliona maji yasiyokuwa na mwisho. Wenyeji waliyaita Nyanza, naye akayapa jina la malkia wake, Victoria. Palepale moyo wake ukamwambia kwamba hilo ndilo chimbuko la Naili. Alikaa siku chache tu. Hakulizunguka ziwa, wala hakuona mto wowote ukitoka ndani yake.

Aliporudi Kaze na habari hizo, Burton hakumkubalia. Kwake yeye, hayo yalikuwa ni makisio ya mtu aliyechoka. Hapo ndipo urafiki wao ulipoharibika, nao haukutengenea tena.

Safari ya pili, na nyumba ya Rumanika

Speke alifika London Mei 1859, akawaeleza wakubwa wa Chama cha Jiografia cha Kifalme, nao wakampa fedha arudi athibitishe neno lake. Mwaka 1860 alirudi na afisa mwingine, James Augustus Grant. Bombay naye aliwafuata.

Novemba 1861 msafara ulifika Karagwe, nchi iliyo leo kaskazini-magharibi ya Tanzania, karibu na mipaka ya Rwanda na Uganda. Mfalme wake, Rumanika, alikuwa mtu mpole na mkarimu. Aliwasalimu wageni kwa Kiswahili kizuri, akawauliza mengi juu ya dunia. Speke alimpenda. Alitazama sura ya Rumanika na ndugu zake, nyuso ndefu, macho makubwa, pua zilizonyooka, akaona wanatofautiana na wapagazi wake na wakulima wengi aliowaona njiani. Akajiuliza watu hao wametoka wapi.

Kuuliza si kosa. Kosa lilikuwa katika jawabu, kwa sababu Speke alikuwa nalo moyoni kabla hajafika Karagwe. Aliamini, kama walivyoamini Wazungu wengi wa siku zake, kwamba mtu mweusi hawezi kuanzisha dola yenye taratibu. Katika kitabu chake aliieleza hali ya Mwafrika kwa laana ya Nuhu juu ya wazao wa Hamu. Basi alipokuta falme zenye kodi, majeshi, mabaraza ya hukumu na masimulizi ya wafalme wengi waliotangulia, alikuwa na njia mbili: ama kukubali kwamba imani yake ya kwanza ni makosa, ama kutafuta mgeni aliyezileta falme hizo. Akashika njia ya pili. Akaandika kwamba Wahuma, yaani wafugaji wa ng'ombe waliokuwa wakitawala Karagwe na Bunyoro na nchi za jirani, ni wageni kutoka upande wa Uhabeshi, jamaa wa Waoromo, waliokuja zamani wakawashinda wakulima wenyeji na kuwatawala. Hata Rumanika mwenyewe aliambiwa na Speke kwamba ukoo wake ni wa Kihabeshi, tena umetoka kwa mfalme Daudi wa Biblia.

Sasa tuuhesabu ushahidi wake. Wa kwanza ni sura za watu, jinsi zilivyomwonekania yeye. Wa pili ni masimulizi, na mengi aliyapata kwa njia ile ya vinywa viwili vitatu. Uhabeshi wenyewe, ambao ndio aliowalinganisha nao watu wa Karagwe, hakuwahi kuufikia. Alikuwa ameona sehemu ya nchi ya Wasomali tu. Na Rwanda, nchi ambayo hadithi yake ilikuja kuidhuru kuliko zote, hakuikanyaga hata siku moja. Akiwa Karagwe aliona vilele vya milima ya Mfumbiro kwa mbali, basi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika Karagwe hiyo hiyo Speke alichukua kamba ya kupimia, akampima mmoja wa wanawake wanene wa nyumba ya kifalme, mkono, kifua na paja, akaziandika inchi zake katika kitabu. Mwili wa mtu aliupima kwa uangalifu. Wazo lake mwenyewe hakulipima.

Lakini tumtendee haki. Katika kitabu chake alisema wazi kwamba hiyo ni nadharia yake. Hakusema kwamba ameithibitisha. Wala hakumwambia mtu awaye yote amwue mwenzake. Waliomfuata ndio waliolifuta lile neno nadharia.

Jinja, na kifo chake

Februari 1862 Speke alifika Buganda, akakaa kwa miezi katika jumba la Kabaka Mutesa. Kisha akaenda mashariki, na tarehe 28 Julai 1862 akasimama Jinja, akaona maji ya ziwa yakimwagika juu ya miamba na kuanza safari ya kwenda Misri. Maporomoko hayo aliyaita Ripon. Leo hatuwezi kuyaona, maana maji yaliyafunika baada ya bwawa la Owen Falls kujengwa na kufunguliwa mwaka 1954.

Alishuka kaskazini, akafika Gondokoro Februari 1863, na mwezi wa Juni akafika Uingereza akapokewa kwa shangwe. Kitabu chake kilitoka mwaka huo huo. Hata hivyo Burton na wengine hawakuridhika. Walisema Speke hakulizunguka ziwa, wala hakuufuata mto hatua kwa hatua, basi huenda ziwa hilo ni maziwa kadha wa kadha. Ikapangwa wakutane, Burton na Speke, katika mji wa Bath, tarehe 16 Septemba 1864, wajadiliane mbele ya wataalamu. Lakini siku moja kabla, tarehe 15, Speke alikwenda kuwinda ndege pamoja na jamaa zake, na alipokuwa akipanda ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake ililia ikampiga kifuani. Akafa papo hapo shambani, naye ana miaka 37. Alizikwa Dowlish Wake, katika Somerset.

Mto ulipimwa

Baada ya kifo chake watu hawakuliacha swali la Naili. Mwaka 1875 Henry Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua, pwani kwa pwani. Akaona ni ziwa moja, na kwamba mto mkubwa unaotoka ni ule wa Jinja tu. Hivyo Speke akathibitishwa kuwa alikisia vema. Tazameni basi jinsi elimu ya kweli inavyokwenda. Mtu alitoa neno, wenzake wakalitilia shaka, mwingine akatumwa kulipima. Kama lingekuwa uongo, lingekufa.

Lakini hadithi ya wageni kutoka Uhabeshi haikupata Burton wake. Hakuna aliyetumwa kuizunguka kwa mashua. Wasomaji wa Ulaya waliipokea kwa sababu iliwapendeza, tena kwa sababu mtu aliyesema kweli juu ya mto alidhaniwa kusema kweli juu ya watu.

Tena ilikuwa na ndugu zake waliotangulia. Kwa karne nyingi walikuwapo watu wa Ulaya waliosema mtu mweusi ni mzao wa Hamu aliyelaaniwa, ingawa mwenye kufungua Kitabu cha Mwanzo, mlango wa 9, ataona kwamba laana ile ilitamkwa juu ya Kanaani, na habari ya rangi ya ngozi haimo kabisa. Kisha, jeshi la Napoleon lilipokwenda Misri mwaka 1798, wataalamu wakaona majengo makubwa ya kale. Baadhi yao hawakutaka kukubali kwamba Waafrika waliweza kuyajenga. Wakaligeuza jina la Hamu, likawa la taifa lililo karibu na weupe, lenye akili ya kutawala. Jina lililokuwa la laana likawa la sifa, pasipo kupatikana mfupa mmoja wala jiwe moja la kuthibitisha. Hata mwaka 1930, C. G. Seligman, mwalimu wa Chuo Kikuu cha London, alichapa kitabu juu ya mbari za Afrika, akafundisha kwamba ustaarabu wa bara hili ni kazi ya hao Wahamiti. Kitabu hicho kilisomwa kwa miaka mingi.

Hadithi inaingia Rwanda

Katika Rwanda ya kale Wahutu, Watutsi na Watwa walisema lugha moja, Kinyarwanda. Walimjua Mungu kwa jina moja, Imana, na walikaa katika vilima vile vile. Koo zao zilichanganyika, hata ukoo mmoja uliweza kuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa. Sisemi kwamba palikuwa na usawa. Mwenye ng'ombe wengi na mwenye kuwa karibu na mfalme alikuwa na nguvu, na wakulima wengi walifanyizwa kazi ya lazima. Lakini Mhutu aliyepata mali na ng'ombe aliweza kuhesabiwa Mtutsi, na Mtutsi aliyefilisika aliweza kushuka.

Wajerumani walipofika katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, walikuwa wamekwisha kuisoma hadithi ya wageni wafugaji. Katika miaka ya 1907 na 1908 msafara wa Mtawala wa Mecklenburg ulipita Rwanda, ukiwa na mtaalamu wa kupima vichwa na miili ya watu. Wabelgiji walipoichukua nchi mwaka 1916 waliifanya hadithi hiyo kuwa sheria ya utawala. Machifu wa Kihutu waliondolewa, na vyeo vikawekwa kwa Watutsi. Askofu Léon Classe aliionya serikali mwaka 1930 isiwaondoe machifu wa Kitutsi, na shule kubwa ya misheni katika Astrida ilipokea zaidi watoto wa Kitutsi. Nalitaja hili bila furaha, kwa kuwa sisi nasi ni wanafunzi wa misheni. Uongo huo haukuletwa na maaskari tu. Ulifundishwa ubaoni kwa chaki, na watoto wakaunakili katika madaftari yao.

Kisha katika miaka ya 1933 na 1934 serikali ya Kibelgiji ilihesabu watu, na kila mtu mzima akapewa kitambulisho kilichoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Tangu siku ile mtu hakuweza kupanda wala kushuka. Mtoto alirithi neno lililoandikwa katika karatasi ya baba yake, hata kama pua yake na pua ya jirani yake zilifanana kabisa.

Hadithi inageuzwa

Sasa msomaji atauliza, hadithi iliyowasifu Watutsi iliwezaje kuwaua? Jawabu ndilo hili. Mtu akiambiwa ni mshindi kwa sababu alitoka mbali, ameambiwa pia kwamba nchi si yake. Sifa na mauti zilikuwa katika sentensi moja, zikingoja msomaji mwingine.

Mwaka 1957 wasomi wa Kihutu walitoa Ilani ya Wahutu. Walidai haki ambazo kweli walikuwa wamenyimwa, lakini nao walilitazama jambo lote kuwa ugomvi wa mbari mbili, wakataka hata majina ya makabila yabaki katika vitambulisho. Mwaka 1958 wazee wa jumba la mfalme wakajibu kwa kiburi kwamba hawana udugu na Wahutu, kwa kuwa babu zao waliwashinda. Pande zote mbili zilikuwa zimekula chakula cha sahani moja. Novemba 1959 mauaji na uchomaji wa nyumba ulianza, na Watutsi wengi wakakimbilia nchi za jirani, na Uganda yetu mojawapo. Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, lakini vitambulisho vile vilibaki. Mauaji yakarudi mwishoni mwa 1963, na mateso mengine mwaka 1973. Oktoba 1990 watoto wa wakimbizi, wengi wao waliolelewa hapa Uganda, waliingia Rwanda kwa silaha, vita vikaanza.

Ndipo hadithi ya Speke ilipotolewa kabatini na kunolewa kama panga. Tarehe 22 Novemba 1992, katika Kabaya, mwanasiasa aliyekuwa pia msomi wa chuo kikuu, Léon Mugesera, alihutubia mkutano akasema kwamba kwao Watutsi ni Uhabeshi, na kwamba watarudishwa huko upesi kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 2016 mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha kwa hotuba hiyo.

Tarehe 7 Aprili 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza, yakaendelea kwa siku kama 100. Umoja wa Mataifa ulikadiria watu 800,000 waliuawa, na serikali ya Rwanda imehesabu zaidi ya 1,000,000. Wahutu waliokataa kuua au waliowapinga wauaji waliuawa pia. Katika vizuizi vya barabarani watu waliombwa vitambulisho, vile vilivyoanza mwaka 1933, na neno moja katika karatasi lilitosha kumkatia mtu maisha. Aliyekosa karatasi alitazamwa urefu na pua. Mara nyingi walikosea, maana kipimo chenyewe kilikuwa cha uongo.

Na maiti zilitupwa mtoni, kama ilivyokuwa imesemwa Kabaya.

Mto unarudi katika habari yetu

Mimi nimefika Kasensero, mahali Mto Kagera unapoingia ziwani. Nyabarongo huingia Kagera, na Kagera huingia katika ziwa ambalo Speke aliliita Victoria. Mwaka 1994 mto huo ulileta maelfu ya maiti. Wavuvi na wanakijiji wa Uganda waliwatoa majini na kuwazika, watu wasiojua majina yao wala makabila yao. Zaidi ya watu 10,000 wamelala katika makaburi matatu upande wetu wa ziwa, Kasensero, Lambu na Ggolo. Wazee wa huko walitusimulia kwamba kwa muda mrefu samaki hawakununuliwa, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwala.

Niliposimama pale nilifikiri jambo moja la jiografia. Maji ya Nyabarongo yakipita ziwani hutoka Jinja, huenda Kyoga na Ziwa Albert, huvuka Sudan Kusini mpaka Khartoum. Hayapandi katika milima ya Uhabeshi. Ni Naili ya Buluu inayoteremka kutoka Uhabeshi na kukutana nayo Khartoum. Hivyo hata ramani ya wauaji ilikuwa ya uongo. Mto ule haukumpeleka mtu yeyote Uhabeshi. Uliwaleta kwetu.

Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa Taba, tarehe 2 Septemba 1998. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya mataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mahakimu walipata kazi kubwa kueleza Watutsi ni kundi la namna gani, kwa kuwa lugha yao na mila zao ni zile zile za Wahutu. Waliona kwamba karatasi za serikali na imani ya watu ndizo zilizolifanya kundi hilo lisimame peke yake. Leo vitambulisho vya Rwanda havitaji kabila, na wataalamu wa urithi wa mwili wamethibitisha kwamba wanadamu wote wanafanana katika sehemu kama 999 za kila 1,000. Hicho ndicho kipimo ambacho kingalitakiwa tangu mwanzo, lakini kilikuja baada ya makaburi.

Fundisho

Nilisema iko na sababu yangu mwenyewe. Nilipokuwa kidato cha tatu, tulikuwa na mwenzetu bwenini, mrefu, mwembamba, mwenye pua iliyonyooka. Kila alipotushinda katika mtihani au katika mpira tulimtania, tukamwambia arudi kwao Uhabeshi. Mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka kwa sauti kubwa. Yeye hakujibu neno, naye mwisho wa mwaka alihama. Sikujua siku hizo maneno yale yalitoka wapi, wala yalikuwa yamefanya kazi gani katika nchi ya jirani. Sasa najua, na kama ndugu huyo atalisoma gazeti hili popote alipo, namwomba radhi.

Bwana Speke alikuwa shujaa na mvumilivu, na neno lake juu ya Naili lilikuwa la kweli. Tumheshimu kwa hilo. Lakini maisha yake yatufundishe kwamba mtu anaweza kuwa na macho mazuri ya kutazama maji na asiwe na macho ya kutazama watu. Tukifundishwa jambo juu ya asili ya binadamu wenzetu, tuulize kama Burton alivyouliza juu ya ziwa: nani amelizunguka, kwa mashua gani, na alirudi na ushahidi gani? Hata likiwa limeandikwa kitabuni, hata likiwa linatusifu sisi wenyewe, tuulize. Katika Rwanda hawakuuliza kwa miaka mingi, na walipouliza majirani zao walikuwa wamekwisha kuzikwa Kasensero na watu wasiowajua.